Kuchonga Vijiko vya Mti kwa Mkono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kuchonga kijiko kimoja au viwili, akaona kazi inawezekana, na sasa anajiuliza mbona cha tano bado kinafanana na cha kwanza. Hatufundishi jinsi ya kuanza. Tunajibu yale yanayomkwamisha mtu baada ya kuanza.

Tukisema kichwa, tunamaanisha sehemu pana ya kijiko. Shimo ni pale panapokaa chakula, mgongo ni upande wa nyuma wa kichwa, na shingo ni pale kichwa kinapoungana na mpini.

Nimechonga vijiko vingi lakini sioni maendeleo. Nakosea wapi?

Kwa kawaida ni mambo mawili kwa pamoja: kisu chako ni butu kuliko unavyodhani, na unabadilisha umbo kila mara. La kisu lina swali lake hapo chini. La umbo watu hawalipendi, maana raha ya kuchonga ni kujaribu vitu vipya. Lakini anayechonga kijiko cha chai leo, upawa kesho na mwiko keshokutwa hukutana na matatizo mapya kabla hajayamaliza ya jana.

Chagua umbo moja. Sisi tunapendekeza kijiko cha kulia chenye urefu wa sentimita 17 hadi 20, na kichwa chenye upana wa sentimita 4 au zaidi kidogo. Kata kiolezo chake kwenye karatasi ngumu, kisha uchonge hicho hicho tena na tena. Kabla ya kila kijiko, amua jambo moja tu utakalobadilisha: mara hii shingo iwe nyembamba, mara ijayo ukingo upungue unene. Liandike kwa penseli kwenye mpini pamoja na tarehe na jina la mti. Kikikauka, kula nacho.

Hapo kwenye kula ndipo penye somo lenyewe. Jicho husamehe mengi ambayo mdomo haukubali. Ukingo mnene unausikia mara moja. Shimo likienda chini mno, chakula kinabaki humo kila unapokitoa kijiko mdomoni. Mpini ulionyooka bila pembe yoyote unakulazimisha kuinua kiwiko. Hayo yote hayaonekani kijiko kikiwa kimetundikwa ukutani, na wachongaji wanaotundika kazi zao bila kuzitumia hukaa pale pale kwa muda mrefu.

Mwiko wa kupikia unavumilia makosa zaidi. Ndiyo maana unafaa kuanzia, lakini haufai sana kujipimia.

Je, ninahitaji vifaa zaidi ili kazi iwe bora?

La. Kishoka, kisu kilichonyooka, kisu kilichopinda cha kukombea, msumeno mdogo na kigogo cha kuchongea vinatosha kwa miaka. Kichwa cha kishoka kiwe na uzito wa gramu 600 hadi 900. Kizito zaidi kinachosha kiwiko, chepesi zaidi hakifanyi kazi mpaka ukipige kwa hasira. Kisu kilichonyooka kiwe na ubapa wa sentimita 6 hadi 8. Ubapa mrefu kuliko huo ncha yake hugonga kifua na mkono mwingine kwenye mikato ya karibu.

Wenye tezo (shoka dogo lenye makali yaliyokingama) na bobari (patasi yenye makali yaliyopinda) wanaweza kuzitumia. Tezo ndogo hukomba shimo la upawa upesi kuliko kisu, na bobari yenye mkunjo mzuri hufanya kazi safi sana iwapo kijiko kimebanwa kwenye jiliwa. Ila kwa kijiko cha kulia, kisu cha kukombea kinatosha, tena kinakupa hisia ya nyuzi mkononi ambayo bobari inayopigwa nyundo haikupi.

Fedha uliyotaka kununulia kisu cha tatu, nunulia vifaa vya kunolea.

Nitajuaje kwamba kisu changu ni kikali vya kutosha?

Usikipime kwa kunyoa nywele za mkono. Kisu kinaweza kunyoa na bado kikashindwa na mti. Chukua kipande cha mti laini, ukate mwishoni mwake kwa kukatiza nyuzi, kisha utazame uso uliobaki. Uking'aa, kisu ni kikali. Ukiwa mweupe na wa vumbivumbi, nyuzi zimepondwa badala ya kukatwa. Na ukiona mistari myembamba inayofuata njia ya kisu, makali yana mapengo: kila mstari ni pengo moja dogo la chuma.

Dalili nyingine iko mwilini. Ukianza kukaza meno, kuinua mabega au kusukuma kwa nguvu zote, simama unoe. Mikato mingi mibaya, pamoja na ile ya kwenye vidole, hutokana na kisu butu kinachohitaji nguvu, halafu kinateleza.

Ninoe vipi?

Visu vingi vya kuchongea vina mteremko mpana ulio bapa kila upande, na pande hizo mbili kwa pamoja hufanya pembe ya digrii 20 hadi 25. Mteremko huo ndio unaokuongoza. Ulaze wote juu ya jiwe, bila kuinua mgongo wa kisu hata kidogo, maana ukiuinua unatengeneza mviringo kwenye makali, na kisu chenye mviringo huo hakitulii juu ya mti. Hupanda au huchimba.

Kama huna jiwe zuri, msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene unafanya kazi ile ile. Anza na namba 400 kama makali yana mapengo, uende 800, kisha 1200, kisha 2000. Kama hayana mapengo, anzia 1200. Paka wino wa kalamu nene kwenye mteremko kabla ya kuanza. Baada ya kusugua mara chache, tazama wino umetoka wapi. Ukibaki kwenye makali yenyewe, bado hujayafikia, hata kama mkono umechoka.

Sugua upande mmoja mpaka utakapohisi, kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, ukingo mwembamba wa chuma uliopinda upande wa pili. Uwepo kwa urefu wote wa ubapa. Ndipo ugeuze. Wengi hugeuza mapema, wakapanda namba za msasa huku makali hayajakutana, na hapo msasa mwembamba hauwezi kuwaokoa. Baada ya namba ya mwisho, vuta kisu kwenye ngozi iliyogandishwa juu ya ubao na kupakwa dawa ya kung'arishia chuma, mgongo ukitangulia, mara kumi au ishirini kila upande. Ngozi hiyo iwe karibu nawe wakati wote wa kazi. Ukiitumia kila baada ya nusu saa, jiwe utalihitaji mara chache sana.

Kisu cha kukombea kinataka utaratibu tofauti kidogo. Usikisugue kwenye jiwe bapa. Viringisha msasa kwenye kijiti cha mviringo, ushikilie kisu kimetulia, halafu upitishe kijiti ndani ya mkunjo. Upande wa nje uguse kwa kipande cha ubao chenye msasa, ukifuata mteremko uliopo. Mkunjo wa nje ndio unaobeba kisu ndani ya shimo, na ukiuharibu kisu kitaanza kuchimba badala ya kukata.

Mti mbichi au mkavu?

Mbichi, karibu kila mara. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji, na nyuzi zake hukatika kwa urahisi. Mti mkavu ni mgumu zaidi, unachosha mkono na kumaliza makali upesi.

Faida ya pili haizungumzwi sana. Mti mbichi unapasuka vizuri kwa shoka na kabari, na ukipasua unapata kipande ambacho nyuzi zake zinakimbia kutoka mwanzo hadi mwisho wa kijiko. Msumeno haujali nyuzi zinakwenda wapi. Ubao uliokatwa kwa msumeno unaweza kuonekana umenyooka huku nyuzi zikikatiza shingo kwa mshazari, na shingo ya namna hiyo itavunjika tu, leo au mwakani.

Kama huwezi kumaliza kijiko kwa siku moja, kifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maranda yake mabichi. Kwenye joto, siku mbili tatu zinatosha kuleta madoa ya kuvu. Kwenye friji kinakaa zaidi, na kwenye friza kinakaa miezi. Wengine huzamisha magogo madogo kwenye ndoo ya maji. Inafaa, mradi ubadilishe maji yasinuke.

Ni mti gani unaofaa?

Mti wenye nyuzi zilizoshikamana, vitundu vidogo, na usio na harufu wala ladha kali. Miti mingi ya matunda inaingia humo: mtufaha, mpea, mplamu, mcheri, na jamii ya mchungwa na mlimau. Mzeituni ni mzuri mno lakini ni mgumu. Huko Ulaya Kaskazini wachongaji wengi hutumia birch, kwa sababu unapatikana kwa wingi na unakatika vizuri ukiwa mbichi. Mti wenye vitundu vikubwa vinavyoonekana kwa macho, kama mwaloni, hunywa mchuzi na kushika rangi na harufu. Misonobari ina utomvu unaonata na nyuzi zinazopondeka.

Kwa anayejifunza, mti wa ugumu wa kati ni bora kuliko mti laini sana. Mti laini unajipinda mbele ya kisu, na makosa ya makali hayajifichi.

Ipo miti ya kuachwa kabisa. Oleanda, inayopandwa kwa maua yake katika bustani nyingi, ni sumu. Usichonge kijiko kwa mti huo. Mnyaa na jamii zake wana maziwa yanayochoma ngozi na kuhatarisha macho. Mkorosho na mwembe ni wa familia moja, na utomvu wa yote miwili huwatoa upele baadhi ya watu. Ngozi yako ikikubali, mwembe unachongeka. Kanuni ni rahisi: usiyemjua jina, usimle. Mti usioutambua kwa uhakika ubaki kuwa kuni, na hata kuni uulize kwanza.

Kijiko changu kimepasuka kilipokuwa kinakauka. Kwa nini?

Tazama kwanza kama kiini cha mti, ile nukta iliyo katikati ya gogo, kilikuwa ndani ya kijiko. Kama kilikuwemo, jibu ndilo hilo.

Mti unapokauka, hutoa kwanza maji yaliyo huru ndani ya vitundu vyake, na katika hatua hiyo hausinyai. Kusinyaa kunaanza pale unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Kuanzia hapo, mti husinyaa kufuata duara la pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gomeni, na kwa urefu wa nyuzi husinyaa kidogo mno hata huoni. Gogo lenye kiini katikati haliwezi kutimiza mambo hayo yote bila kupasuka, kwa hiyo linapasuka. Ndiyo maana tunapasua gogo katikati, tunatoa kiini na sentimita moja hivi ya mti uliokizunguka, kisha tunachonga kwenye kile kinachobaki.

Sababu ya pili ni unene usiolingana. Kichwa chenye ukingo wa milimita 2 na sakafu ya milimita 10 kitakauka ukingoni siku nyingi kabla ya chini, na nguvu hizo zitakutana mahali fulani.

Sababu ya tatu ni haraka. Kijiko kilichotoka kuchongwa kisikae juani, kwenye upepo wa feni wala karibu na jiko. Kiweke ndani ya mfuko wa karatasi, kivulini, pamoja na maranda kidogo. Kijiko chembamba hukauka kwa wiki moja hadi mbili. Ukiwa na mizani ya jikoni, kipime kila siku. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Ncha za nyuzi hutoa maji upesi kuliko mahali pengine popote, hivyo magogo unayohifadhi yapake rangi ya zamani au nta kwenye vichwa vyake.

Kisu kinararua nyuzi badala ya kukata. Nifanyeje?

Kama umeshanoa, tatizo ni mwelekeo. Nyuzi zimelala kwa urefu wa kijiko, lakini kijiko kimejaa mikunjo. Kila unapokata kutoka mahali palipoinuka kwenda mahali palipodidimia, kisu kinaziacha nyuzi zikiwa zimelala chini yake. Ukivuka sehemu ya chini kabisa na kuanza kupanda upande wa pili, makali yanaingia katikati ya nyuzi na kuzibandua. Kwa hiyo kila mkunjo unakatwa kutoka pande mbili, na mikato hiyo hukutana bondeni. Kwenye shingo, ambako mikunjo ni mikali, utageuza kijiko mara nyingi kuliko mahali pengine. Mchongaji mzoefu anageuza bila kufikiri. Anayejifunza huona uvivu, akajaribu kumalizia mkato mmoja zaidi kwa upande usiofaa.

Mahali mikato inapokutana ndipo panapobaki vijinyuzi. Usivivute. Punguza shinikizo, uinamishe kisu kwa mshazari ili makali yateleze kwa upande huku yakisonga mbele, na uache mkato ufe wenyewe pale bondeni. Kisha ingia kutoka upande wa pili na mkato mwingine mwembamba unaokutana nao.

Ndani ya shimo, anza kwa kukatiza nyuzi, kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine. Kukata huku ni salama kwa mti, hakurarui, na kunaondoa mti mwingi. Ukikaribia kina unachotaka, malizia kwa mikato mirefu kutoka ncha ya mbele kwenda katikati na kutoka shingoni kwenda katikati, kwa kisu kilichotoka kwenye ngozi sasa hivi.

Kifundo kinabadilisha hesabu yote, maana nyuzi zinakizunguka pande zote. Ukiweza, kiepuke. Ukishindwa, kiweke kwenye mpini, kamwe kisiwe shingoni.

Nishike kisu vipi ili nisijikate na bado niwe na nguvu?

Mshiko ni jambo la kujifunza kwa utaratibu, tena mapema. Wille Sundqvist, mchongaji wa Uswidi aliyeishi kati ya 1925 na 2018, anakumbukwa sana kwa kufundisha mishiko kwa makini, na wengi wanaochonga vijiko leo wamefundishwa na wanafunzi wake au wanafunzi wa hao. Minne ifuatayo itakufikisha mbali.

Wa kwanza ni wa kusukuma kwa kidole gumba. Mkono wenye kijiko unatoa kidole gumba chake, kinakaa kwenye mgongo wa kisu na kusukuma, huku mkono wa kisu ukiongoza tu. Mkato ni mfupi na hauwezi kupita mbali kuliko urefu wa kidole.

Wa pili ni wa kuvuta kuelekea kidole gumba, kama unavyomenya tunda. Kidole hicho kikae chini ya njia ya makali, pembeni, si mbele yake. Kabla ya kukata, vuta kisu taratibu bila mti uone kitaishia wapi.

Wa tatu unatumia kifua. Mikono yote miwili inakutana mbele ya kifua, makali yakitazama nje, na mkato unatokea pale viwiko vinapofunguka na mabega kurudi nyuma. Nguvu ni ya mgongo, si ya kiganja. Huu ndio mshiko wa kuondoa mti mwingi kwa kisu, na watu wengi huuchelewesha bila sababu.

Wa nne kisu hakisogei. Mkono wa kisu unatulia juu ya goti, na kijiko ndicho kinachovutwa nyuma. Ni mzuri kwa mikato mirefu ya mpini.

Usichonge kamwe juu ya mapaja ukiwa umeketi miguu wazi. Mshipa mkubwa wa damu unapita upande wa ndani wa paja, na jeraha la hapo linaweza kuua kwa dakika chache. Egemeza viwiko juu ya magoti ili kazi iwe mbele yao, au geuka kazi iwe pembeni. Kwa shoka, kigogo kiwe na kimo kinachofika kwenye vifundo vya vidole ukiwa umesimama na mkono umening'inia. Mkono unaoshika mti ukae juu zaidi ya pale shoka linapopiga, na mti uegemee upande wa mbali wa kigogo, ili shoka likipita liishie kwenye kigogo.

Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, uinue mkono juu ya moyo, na usifungue kila mara kuchungulia. Damu isiyokoma au kidole kisichohisi ni vya hospitali.

Kijiko changu kinaonekana bapa, kizito, na shingo ama nene ama inavunjika.

Haya ni matatu katika moja, na yote yanatoka kwenye umbo la awali la shoka. Wanaojifunza huchora kijiko kwa juu tu, wakasahau kukichora kwa ubavu. Chora ubavuni kwanza. Kichwa kiwe na pembe kidogo na mpini, ukingo wake ukishuka kuelekea shingo, ili ukikishika kijiko kwa namna ya kula shimo lielekee juu bila kukunja kiganja. Digrii 15 hadi 20 zinatosha kwa kijiko cha kulia. Pembe hiyo inakatwa kwa shoka mwanzoni kabisa. Ukiisahau, huwezi kuiongeza baadaye kwa sababu mti umeshakwisha. Ukipata tawi lililopinda kiasili, pembe inakuja yenyewe na nyuzi zinaufuata mkunjo. Hicho ndicho kijiko kigumu kuliko vyote kuvunja.

Shingo ipunguze kwa upana, usiipunguze kwa kimo. Nguvu ya kijiko inapokula au kukoroga inapinda shingo juu na chini, kwa hiyo inahitaji kimo. Ukiitazama kwa juu iwe nyembamba na ya kupendeza, ukiitazama kwa ubavu iwe na nyama. Ubavu huo ukishuka taratibu hadi mgongoni mwa kichwa, kwa mfano wa utako wa jahazi, unaweza kuchonga shingo ya upana wa milimita 8 na isikupe wasiwasi.

Na toa uzito. Vijiko vya kwanza vya karibu kila mtu huwa vizito kwa sababu mkono unaogopa kuharibu kilichopatikana. Toboa kijiko kimoja makusudi: endelea kukomba mpaka mwanga upite, uhesabu hisia za vidole vyako ulipokuwa umebakiza milimita 3. Baada ya hapo utajua woga wako ulikuwa unaishia wapi.

Shimo liwe na kina gani?

Kwa kijiko cha kulia, milimita 7 hadi 10 pale panapozama zaidi, na pale pawe karibu na shingo kidogo kuliko ncha, ili chakula kiteleze kuelekea mdomoni. Ukingo milimita 2, sakafu 3 au 4. Komba shimo kwanza, ndipo uumbe mgongo kulifuata. Ukianza na mgongo, unabahatisha. Unene upime kwa kubana kichwa kati ya kidole gumba na cha shahada huku ukitembeza vidole. Ni sahihi kuliko macho.

Upande mmoja wa kichwa huwa mkubwa kuliko mwingine.

Chora mstari wa kati na usiufute hadi mwisho; ukikatika, uuchore upya. Geuza kijiko juu chini ukitazame, au kitazame kwenye kioo. Kasoro uliyoizoea itajitokeza.

Nipige msasa au niache alama za kisu?

Uso uliokatwa kwa kisu kikali hudumu vizuri zaidi kwenye maji. Msasa huacha ncha za nyuzi zilizochanika, na hizo husimama kijiko kinapolowa. Kwa hiyo tunapenda kisu, na tunapenda mikato ya mwisho ifanyike baada ya kijiko kukauka, wakati mti umekuwa mgumu na unang'aa unapokatwa. Acha unene kidogo tu kwa kazi hiyo.

Ukitaka msasa, subiri kikauke kabisa, panda kutoka 120 hadi 240 na 400, kilowanishe, kikauke, upige tena ya mwisho. Rudia mara mbili. Vaa barakoa, vumbi la mti si zuri kwa mapafu. Msasa hautatengeneza umbo baya, na mchongaji aliyezoea kuutegemea hajifunzi kumaliza mkato. Nje ya hapo ni suala la ladha.

Nipake mafuta gani?

Yale yanayoganda yakikutana na hewa: mafuta ya kitani, ya walnut au ya tung, safi na ya daraja la chakula. Epuka mafuta ya kitani ya madukani mwa rangi yanayoitwa ya kuchemshwa, kwa kuwa huwekewa kemikali za kuharakisha ukaukaji. Mafuta ya kupikia ya kawaida hayagandi. Hukaa ndani ya mti, na baadhi hunuka baadaye. Ya walnut yaepuke kama kijiko ni cha mtu mwenye mzio wa karanga za aina hiyo.

Paka, acha saa moja, futa yote yaliyobaki juu, kisha kijiko kikae wiki kadhaa mahali penye hewa kabla ya kukitumia. Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa: mafuta yanapoganda hutoa joto, na vitambaa vikiwa vimerundikana vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke au vizamishe kwenye maji.

Kuna faida kutazama vijiko vya zamani?

Kubwa, mradi uvitazame kwa swali maalumu. Meli ya Kiingereza Mary Rose ilizama mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, na humo vilipatikana vyombo vya mti vya mabaharia, vijiko vikiwemo. Ni vitu vya kazi, havikuchongwa kwa ajili ya maonyesho. Kwenye jumba la makumbusho la St Fagans huko Wales kuna kijiko cha uchumba cha mwaka 1667, chenye mpini uliojaa nakshi. Wadan wa Liberia na Kodivaa huchonga pawa kubwa za kumheshimu mwanamke anayesifika kwa ukarimu, na mipini ya baadhi yake ni miguu ya mtu au uso. Chagua kimoja, uchore ubavu wake, ujiulize mchongaji alitoa mti wapi na akauacha wapi. Kisha jaribu kukiiga kwa vipimo vyake. Kuiga kunafichua maamuzi ambayo kutazama tu hakuonyeshi.

Kijiko kimoja kichukue muda gani?

Vya mwanzo humaliza siku nzima. Mzoefu anaweza kumaliza kijiko cha kawaida kwa saa moja au mbili, na siri iko kwenye shoka: anakaribia umbo la mwisho kabla hajashika kisu. Kama unatumia nusu siku kuondoa kwa kisu kile ambacho shoka lingeondoa kwa dakika kumi, zoezi lako la mwezi huu liwe shoka peke yake. Chonga maumbo ya awali matano mfululizo, uyafunge kwenye mfuko, ndipo urudi kwenye kisu.

Baada ya kuoshwa, kijiko kimekuwa na manyoya na kimepauka. Kimeharibika?

Hapana. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usikiloweke, usikiingize kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Kikikauka, pitisha msasa namba 400 uliochakaa au upande butu wa kipande cha kioo kilichosuguliwa kingo, kisha paka mafuta upya. Manyoya yakirudi mahali pale pale kila mara, hapo nyuzi zilipondwa wakati wa kuchonga. Noa kisu na uondoe uso mwembamba sana wa sehemu hiyo.